Heide hufa kwa kushiba: maneno kabla ya safari ya Totengrund

(Haya ndiyo niliyoyasema Jumapili jioni kwenye mkutano wetu wa Waswahili wa Hamburg, kabla ya safari ya Lüneburger Heide, ule uwanda wa vichaka vya maua ya zambarau, na bonde lake la Totengrund. Nayaweka kama yalivyotoka mdomoni, kwa ajili ya wale waliokuwa zamu kazini. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Mtaviona vitu vyenyewe Jumamosi.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, za jioni. Na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na sufuria la pilau, nawaona.

Kabla sijaanza, kuna bakuli linazunguka. Ndani yake mna vitunda vidogo vyeusi vyenye ubuluu, kama pilipili manga iliyovimba. Kila mtu achukue kimoja. Msile. Kipasueni kwa ukucha, halafu nuseni.

Mnanusa nini? Bibi pale mbele anasema dawa ya kuchua. Huku wanasema ile kabichi chachu ya Wajerumani. Wote mmepatia. Na kijana mmoja kasema "gin" halafu akainamisha kichwa, kwa sababu mama yake yupo. Naye kapatia: harufu ya pombe hiyo inatoka kwenye vitunda hivi.

Mti unaozaa vitunda hivi Wajerumani wanauita Wacholder. Sisi wa Lushoto tuna ndugu yake milimani: mwangati. Wakenya mnauita mtarakwa, Wamaasai wanasema oltarakwai. Ukoo ni mmoja, ila kimo hawakugawana sawa. Mwangati wa kwetu unapanda mita 30 na kupita, unapasuliwa mbao. Huu wa hapa mara nyingi ni kichaka cha mita chache, chembamba, kimesimama wima. Na jambo moja la kujivunia, ndugu zangu: katika ukoo huo mzima duniani, ni mwangati wetu peke yake uliovuka ikweta na kuota wenyewe upande wa kusini. Nimeona niliseme hilo mapema, maana kuanzia hapa nitawasifia wa wenyewe.

Jumamosi tunakwenda Lüneburger Heide, kusini kidogo tu ya mji huu. Ni hifadhi ya kilomita za mraba 230 na ushei. Mwezi huu wa Agosti ardhi yake inakuwa ya zambarau mpaka macho yanakataa kuamini. Ile zambarau ni maua ya kimmea kifupi, kigumu, kinachofika magotini, chenye vijani kama magamba. Jina lake ni Heide, na nchi yenyewe nayo inaitwa Heide. Mliopanda Kilimanjaro mmepita katikati ya jamaa zake: vile vichaka vya Erica ukishatoka msituni, kabla hujafika kwenye mawe matupu. Na katikati ya zambarau hiyo ndipo iliposimama miangati, mmoja hapa, mitatu kule, kumi bondeni. Asubuhi yenye ukungu utaapa ni watu. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni wazee wa kanzu wanatoka msikitini.

Sasa nawauliza. Nani aliipanda miangati ile? Nani alimwaga mbegu za Heide?

Hakuna. Na je, basi ni pori? Ni nchi kama Mungu alivyoiacha?

Hapana pia! Na hapo ndipo mimi nilipochanganyikiwa kwa miaka miwili mizima.

Mimi nimekulia kando ya msitu wa hifadhi. Kwetu neno hifadhi maana yake ni kibao: usiingie, usikate, usilishe, usiwashe moto. Mlinzi wa msitu akimkuta bibi na mzigo wa kuni, bibi anaacha kuni, anaacha na panga. Kwa hiyo nilipofika kwenye Heide na kuona kundi la kondoo katikati ya hifadhi, nikatafuta mlinzi wa kumwambia. Nilipouona moto wa makusudi siku moja ya Februari, wanaume wamesimama na matawi na pampu za maji wanautazama unakula vichaka, nikasema hawa watafungwa. Kumbe hao ndio hifadhi yenyewe.

Heide si pori. Ni shamba la watu maskini lililodumu maelfu ya miaka. Mtawasikia waongoza wageni wakisema misitu ya pale ilikatwa ili kuchemshia chumvi ya mji wa Lüneburg. Ni hadithi tamu, na chumvi kweli ilichemshwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka mwaka 1980. Lakini chavua iliyozama kwenye matope ya mabwawa inasimulia vingine: uwanda wa Heide ulianza kufunguka tangu wakulima wa zama za mawe, kabla hata Lüneburg haijawa na jina. Watu walifyeka, wakalisha, wakahama, wakarudi. Mchanga wa pale ni mchanga wa barafu ya kale, hauna rutuba. Ukishaondoa miti, mvua inasukuma chini kidogo kilichokuwepo. Kinachobaki juu ni njaa. Na Heide inapenda njaa.

Nitarudia, kwa sababu habari yote ya leo iko hapo. Heide inapenda njaa.

Tazameni alivyoishi mkulima wa zamani wa kule. Asubuhi kondoo wanatoka, wanakula Heide siku nzima. Jioni wanarudi kulala zizini. Samadi inaangukia wapi? Zizini. Kwa hiyo kila siku rutuba inatoka nje inaingia ndani, tumboni mwa kondoo. Halafu mkulima anachukua jembe pana, anabandua ngozi ya ardhi, Heide na mizizi yake na kile kitabaka cheusi cha juu, anaitandika zizini kama godoro. Ngozi hiyo wanaiita Plaggen. Kondoo wanailalia, wanaikojolea, wanaikanyaga majira yote ya baridi. Ikishaiva inapelekwa kwenye kijishamba cha Roggen, ile nafaka ya mkate mweusi mgumu, karibu na nyumba. Kazi ile ilivunja migongo ya watu. Lakini pale ilipobanduliwa ngozi, mchanga ulibaki uchi, na juu ya mchanga uchi mbegu ya Heide ikaamka. Miaka michache, zambarau tena.

Sasa mwondoe mkulima. Mwondoe kondoo. Kwanza yanakuja majani, majani membamba ya kawaida, yanajaa katikati ya Heide iliyozeeka. Halafu unachipua msonobari, unachipua mti mweupe ule wa magamba ya karatasi, Birke. Vitoto vya miti, vimepangana kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Miaka ishirini, thelathini, una msitu. Msitu si kitu kibaya, mimi ni mtoto wa msitu. Ila chini ya kivuli chake Heide imekufa, na mwangati, ambao hauwezi kuishi bila jua, unakauka kuanzia chini kwenda juu. Nimeiona ndani ya msitu wa misonobari: mifupa ya kijivu imesimama gizani, bado wima.

Hilo karibu litokee mahali pote. Katika karne ya 19 sufu ya ng'ambo ilishuka bei, mbolea ya dukani ikaja, na Heide ikaonekana ni aibu, ni nchi tupu. Ikalimwa, ikapandwa misonobari. Ile bahari ya zambarau ikabaki madimbwi.

Hapa anaingia mchungaji. Simaanishi wa kondoo, huyo bado. Namaanisha mchungaji wa kanisa, Wilhelm Bode, wa kijiji cha Egestorf. Mwaka 1906 alisikia kwamba bonde la Totengrund linataka kuuzwa lijengwe nyumba za mapumziko za watu wa mjini. Totengrund ni bonde la wafu, kwa jina. Kwa sura ni bakuli kubwa lililojaa Heide, na miangati imesimama kwenye kingo. Bode hakuwa na fedha. Akamwendea profesa mmoja wa Münster, Andreas Thomsen, naye profesa akatoa marki 6,000, bonde likanunuliwa. Mwaka 1909 ikaundwa jumuiya ya kutafuta mbuga za hifadhi, Verein Naturschutzpark, na mwaka uliofuata ikanunua Wilseder Berg, mlima mrefu kuliko yote ya uwanda ule. Watu wa Lushoto, Upare na Bukavu, naomba msicheke Jumamosi: mlima huo una mita 169. Lakini Carl Friedrich Gauss, yule mwanahisabati mkubwa wa Kijerumani, aliupanda na vyombo vyake kupimia nchi, na kipande cha ramani yake ya pembetatu kilichapwa nyuma ya ile noti ya marki 10. Wazee mliokuja kabla ya yuro mmeishika mikononi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1920 eneo lote likawa chini ya ulinzi wa sheria.

Nyie mnaona ni hadithi nzuri. Ni nzuri kweli. Lakini mimi mtoto wa Usambara siwezi kuisimulia nusu.

Miaka ile ile, miaka ile ile hasa, wakati Bode anahangaika kuokoa vichaka vya mita tatu, kule kwetu Shume kampuni ya Kijerumani ilikuwa inashusha miangati mizima kutoka mlimani. Walitundika magogo kwenye waya wa chuma, yakaning'inia juu ya mabonde mpaka Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Mwangati una mbao laini, nyekundu, inayochongeka bila kupasuka, na viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinatafuta mbao za penseli. Babu yangu, ambaye alizaliwa baadaye, alituonyesha vilima ambako babu yake yeye alikuwa akisikia waya ule ukilia. Mtoto mmoja wa Kijerumani aliyeketi kwenye dawati la shule mjini Berlin mwaka 1912, huenda alichonga penseli ya mwangati wetu akiandika insha kuhusu uzuri wa Heide. Silisemi kwa uchungu, wala silisemi bila uchungu. Nalisema ili tukifika Totengrund tujue tunatazama upande gani wa karatasi.

Turudi kwa kondoo, maana ndio wapenzi wangu.

Wanaitwa Heidschnucken. Rangi ya kijivu, uso mweusi, miguu myeusi, pembe kwa dume na kwa jike. Mwanakondoo anazaliwa mweusi tii. Wanakula Heide kavu ambayo kondoo mwingine angeitemea mate. Wanakata vichwa vya Heide, nayo inachipua upya badala ya kuzeeka na kulala chali. Wanakula vitoto vya Birke na vya msonobari. Mwangati mkubwa wanaupita, kwa sababu una sindano. Zimeota tatu tatu kwenye kila kifundo, kila moja ina mstari mweupe juu, na ncha yake inapenya soksi. Na wafugaji wa kule wanapenda kusimulia kwamba kondoo wakipita asubuhi wanavunja nyuzi za buibui, ili nyuki wakija wasinaswe. Mimi nimetembea nyuma ya kundi saa kumi na mbili asubuhi, suruali yangu ikabaki kavu, kwa sababu kondoo walishafuta umande na buibui wote. Kwa hiyo naamini.

Nyuki huletwa na malori mwezi huu. Nunueni asali, lakini msije mkalalamika kwamba mmeuziwa mbovu. Asali ya Heide haimwagiki. Ukipindua chupa inabaki pale pale imeganda kama uji wa jana; ukiikoroga ndipo inalegea. Wafuga nyuki wenyewe inawatesa kuitoa kwenye masega.

Mfugaji mmoja, mama wa miaka sitini hivi, ndiye aliyenifundisha ile sentensi niliyoifanya kichwa cha mazungumzo haya. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuta mashine imekwangua eneo kubwa, Heide imeondolewa na udongo wa juu, imebaki kitu kama uwanja wa mpira baada ya mafuriko. Nikamwambia, mama, wameharibu. Akacheka. Akasema ile ni Plaggen ya siku hizi, ila mkulima ana injini. Akanionyesha mbinguni akaniuliza: unajua mvua hii inaleta nini? Naitrojeni. Inatoka kwenye mioshi ya magari, inatoka kwenye samadi ya mashamba makubwa ya nguruwe na kuku, inapaa, inarudi na mvua. Mbolea ya bure, kila siku, bila mtu kuiomba. Majani yanaishangilia. Heide inazidiwa. "Zamani watu walikuwa na njaa na Heide ilikuwa na njaa, wakaelewana," akasema. "Sasa sisi tumeshiba na yeye anakufa kwa kushiba."

Ndiyo maana wanachoma. Ndiyo maana wanakata. Ndiyo maana wanakwangua na kupeleka mbali kile walichokwangua. Ukikiacha pale hujafanya kitu. Kazi ni kutoa, kutoa, kutoa. Na kuna mwaka hata hiyo haitoshi: kiangazi kikavu cha 2018 Heide nyingi ilibaki ya kahawia, na yupo mdudu mdogo, mbawakawa, anayekula majani yake mpaka mlima mzima unageuka rangi ya kutu. Mbwa mwitu nao wamerudi, na kondoo wanajua. Sitaingia huko, tutagombana hapa mpaka usiku. Kila mfugaji ana yake na kila mpenda wanyama ana yake.

Kuna wengine walioikwangua bila kukusudia. Baada ya vita, majeshi ya Uingereza yalifanya mazoezi ya vifaru upande wa kusini wa hifadhi, mpaka mwaka 1994. Walipoondoka palikuwa jangwa, mchanga mtupu unaopeperuka. Leo ukipita pale ni Heide. Mbegu zake hungoja ardhini miaka na miaka. Sipendekezi vifaru kama njia ya uhifadhi! Nasema tu mmea huu una moyo.

Mwangati hauna moyo huo. Sikilizeni kidogo, nakaribia kumaliza, pilau nimeisikia.

Mwangati ni kama mpapai: kuna dume na kuna jike. Dume linatoa vumbi la manjano, jike linazaa. Kile mlichopasua si tunda hasa, ni koni, kama ile ya msonobari, ila imenenepa magamba yakaungana. Mwaka wa kwanza ni kijani. Inaweza kufika wa tatu ndipo inaiva ikawa nyeusi hivi. Kwa hiyo kwenye tawi moja utakuta watoto, vijana na wazee pamoja. Ndege wanakula, wanaangusha mbegu. Mbegu haina haraka. Italala majira ya baridi moja, mawili. Na inataka mchanga uchi. Ikiangukia kwenye zulia nene la majani, basi tena. Ikiota, bado: mche mchanga sindano zake ni laini, na kondoo yule yule anayeuokoa mwangati mzee kutoka kwa msitu ndiye anayemtafuna mtoto wake. Kondoo wachache, msitu unafunika. Kondoo wengi, hakuna mtoto anayekua. Miangati mingi mtakayoiona Jumamosi ni wazee, na ukitafuta wajukuu unatafuta sana. Umoja wa Ulaya tangu 1992 umeiweka miangati ya kwenye Heide katika orodha ya makazi ya kulindwa. Ni vizuri. Lakini orodha haioti.

Nilijifunza hilo kwa mkono wangu. Ilikuwa Novemba, siku yangu ya kwanza ya kujitolea. Kazi ilikuwa kung'oa vitoto vya misonobari. Mnapanga mstari, kila mtu na glavu, mnakwenda mkiinama. Baada ya saa tatu unakuwa mashine: unaona kijani, unang'oa. Nikaona kijani, nikashika, nikavuta. Kikanichoma kupitia glavu. Nikakaza zaidi, maana sisi watu wa mlimani hatushindwi na magugu. Mzee aliyekuwa pembeni yangu akapiga ukelele kama nimemkanyaga mtoto. Kwa kweli nilikuwa nimemkanyaga mtoto. Ulikuwa mche wa mwangati, haufiki urefu wa kiganja, na alivyonieleza, kwa kimo kile unaweza kuwa na miaka kadhaa. Nilikuwa nimeshaunyanyua upande mmoja, mizizi inaonekana. Mzee yule akapiga magoti, akafukia kwa vidole, akabana mchanga, akavua kofia yake akachota maji kwenye kidimbwi. Hakunilaumu. Akaweka mawe mawili pembeni, akainuka, akaendelea na mstari.

Kila mwaka ninapokwenda nautafuta. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa manjano, nikajua nimeua. Wa pili ulikuwa na sindano mpya kileleni, tatu tatu.

Basi, Jumamosi. Tunakutana kituo kikuu saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili ya Wajerumani wala si ya harusi. Tunashuka Handeloh, tunatafuta basi mpaka Undeloh, kutoka pale ni miguu mpaka Wilsede, kama saa moja na robo. Ndani ya kijiji hicho magari ya wageni hayaingii, ila yapo magari ya farasi kwa wazee ambao magoti yameanza kusema. Viatu vya kufunga. Hakuna kuchuma, hata maua ya mkononi mwa mtoto, na hakuna kutoka njiani. Vile vitunda vya bakulini nimevinunua duka la viungo, msinishitaki. Tukifika ukingo wa Totengrund tutakula, halafu anayetaka atanifuata mpaka njia inapopinda, penye mawe mawili. Mwaka jana ulinifika gotini.